Pingili hazisagiki kama mahindi: mgongo wa nesi, mgongo wa mzee

Mwezi uliopita alinipitia nyumbani Mwanga, hapa Kigoma mjini, dada mmoja niliyefanya naye kazi wodini kwa miaka mingi. Alistaafu alipotimiza miaka 60, sasa ana 62. Kwapani alikuwa na bahasha kubwa ya kaki. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya chinichini, akashuka kwenye kochi taratibu, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika mto. Alipokwisha kukaa akachomoa picha ya eksirei, akaielekeza dirishani.

"Mdogo wangu, mimi ndiyo basi tena. Wameniambia pingili zimesagika."

Aliyemwambia hivyo alikuwa na foleni mpaka nje ya mlango, kwa hiyo maelezo yaliishia hapo. Tangu siku hiyo dada yangu huyu hakuinama kufua, hakubeba ndoo, hakushika ufagio, na sokoni Ujiji alikuwa akimtuma mjukuu. Wiki tatu nzima. Na huyu ni mtu aliyezalisha nusu ya vijana wa mtaani kwake. Nikajiuliza: kama neno moja limemkalisha nesi mzoefu, itakuwaje kwa mama anayeanika dagaa Kibirizi?

Neno lenyewe ndilo tatizo. Kusaga tunakujua kutoka mashineni: punje inaingia, unga unatoka, na unga haurudi tena kuwa punje. Mtu akiambiwa mifupa yake imesagika, anachokiona kichwani ni vumbi jeupe mgongoni. Lazima aogope kuinama.

Tuanze na majina

Uti wa mgongo ni mhimili wa mifupa iliyopangana kutoka chini ya fuvu hadi kwenye makalio. Kila mfupa unaitwa pingili, neno lile lile tunalotumia kwa muwa, na aliyelichagua aliona vizuri. Shingoni ziko 7, kifuani mbavu zinaposhikilia ziko 12, kiunoni ziko 5, na zile zilizobaki kule chini zimeungana zikawa mfupa wa nyonga wa nyuma na kifandugu. Katikati ya pingili na pingili kuna kitu tunachokiita diski, au sahani. Na ndani ya tundu la pingili unapita mkusanyiko wa neva kutoka ubongoni, mfano wa nyaya za umeme ndani ya bomba ukutani.

Majina mengine yanatuchanganya bure. Homa ya uti wa mgongo ni ugonjwa wa ngozi laini zinazofunika ubongo na hizo neva. Huja na homa kali na shingo kukakamaa, na haisababishwi na kubeba mizigo. Halafu kuna yutiai, ambayo ni maambukizi ya njia ya mkojo. Nimewahi kubishana na baba mmoja aliyeshikilia kwamba "UTI" na "uti" ni kitu kimoja, ndiyo maana kiuno kilikuwa kinamuuma. Herufi zilimpoteza, na kwa kweli si peke yake.

Mkao ni namna ulivyoupanga mwili kwa wakati fulani: umekaa, umesimama, umeinama. Mizani ya mwili ni uwezo wa kuuweka uzito wako juu ya nyayo zako usianguke. Na tukisema maumivu ya mgongo hapa, tunamaanisha yale ya chini, kati ya mbavu za mwisho na makalio, ambayo wengi wetu tunayaita kiuno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa nayo. Kwa hiyo ukiamka nayo kesho, hujarogwa.

Mnara na nyaya zake

Itazame minara ya simu ile myembamba, iliyosimamishwa kwa nyaya za chuma zilizofungwa ardhini pande zote. Kata nyaya, mnara uko chini. Mgongo uko vivyo hivyo. Mifupa peke yake, bila misuli na kano zinazoivuta huku na huku, ingepinda kwa mzigo mdogo tu. Misuli ya tumbo, ya makalio, ya mapaja na ile mirefu inayopita kandokando ya pingili ndiyo nyaya zenyewe. Ndiyo maana mtu mwenye picha "mbaya" na nyaya imara anaweza kulima ekari, na kijana mwenye picha safi akashindwa kuinua godoro.

Sahani nayo si kisahani cha chai kwamba itachomoka na kuanguka. Imeshikamana na mfupa juu na chini. Nje ina tabaka za nyuzi ngumu zilizozungushwa kama za tairi, ndani ina ute mzito uliojaa maji. Inaweza kutuna, na mara nyingine nyuzi zikachanika ute ukatokeza na kugusa neva. Hapo ndipo maumivu hushuka mguuni kama moto. Hata hivyo mara nyingi huo ute uliotokeza mwili wenyewe huunyonya taratibu kwa miezi, bila kisu.

Jambo ambalo watu wengi hawajaambiwa ni kwamba sahani ya mtu mzima haina mishipa yake ya damu. Inakula kama dodoki: ukiibana inatoa maji, ukiiachia inavuta mengine yenye chakula ndani yake. Kubanwa na kuachiwa huko ni kutembea, kuinama, kugeuka, kulala. Mchana kutwa inapoteza maji kidogo, usiku inayarudisha, na kwa sababu hiyo asubuhi unakuwa mrefu kuliko jioni kwa sentimita moja hivi. Sasa fikiria dada yangu aliyekaa wiki tatu bila kuinama ili aziokoe sahani zake. Alikuwa anazinyima chakula.

Picha inasema nini hasa

Kadiri umri unavyosogea, sahani hupungua maji na kuwa nyembamba, na kingo za mifupa huota vijipembe. Hicho ndicho kinachoonekana kwenye eksirei na kupewa jina la kusagika. Lakini mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zilizopiga picha migongo ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na sahani zilizochakaa. Wenye miaka 80 walifika asilimia 96. Rudia kusoma: hawa ni watu wasioumwa.

Mgongo wa miaka 62 ni kama kitenge cha mbeleko kilichobeba watoto wanne. Rangi imepauka, pindo limechoka, ukikianika juani unaona upande wa pili. Na bado ukimfunga mtoto wa tano hadondoki. Picha inaonyesha kupauka. Haionyeshi kama kitambaa kinabeba. Nilimwambia hivyo yule dada, akaniuliza swali ambalo hata wewe unaliuliza sasa: "Kama hazijasagika, mbona naumia?"

Kwa wagonjwa walio wengi sana, kama tisa katika kumi, huwezi kunyooshea kidole kitu kimoja kwenye picha na kusema ndicho. Misuli iliyochoka, kano zilizovutwa, viungio vidogo vya pingili, usingizi mbovu, mawazo: vyote huchangia. Maumivu ni mbwa wa kulinda boma. Mwizi akiingia, anabweka, na kazi yake ni hiyo. Lakini mbwa aliyewahi kuingiliwa na mwizi mara moja hubweka hata jani la mwembe likianguka. Maumivu yaliyopita miezi mitatu mara nyingi yako hapo: kelele ni kubwa, mwizi hayupo. Si kwamba mgonjwa anajifanya. Mbwa anabweka kweli, na usingizi haupatikani.

Saa nane usiku, kitanda cha mwisho

Mgongo wangu mimi niliuumiza nikiwa na miaka 34. Zamu ya usiku, manesi wawili, wodi imejaa, mwenzangu kaenda kufuata damu maabara. Kitanda cha mwisho karibu na dirisha alilala mzee wa kiharusi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo anapata vidonda vya mgandamizo, na muda ulikuwa umefika. Tena alikuwa ameteleza, miguu imegusa chuma cha mwisho. Kitanda kilikuwa cha chini kunifika magotini, upande mmoja ukuta, upande mwingine stendi ya dripu na ndugu yake amelala sakafuni kwenye mkeka. Nikasema nisimsumbue. Nikaruka mkeka, nikanyoosha mikono juu ya mzee, nikavuta. Kiuno kikasema "tap". Niliinama pale pale, nimeshika reli ya kitanda, nasikia mzee wa watu ananiambia, "Pole, sista."

Siku zote nilidhani kosa langu lilikuwa kuinama vibaya. Ukiweka hesabu mezani, kosa lilikuwa umbali.

Watoto wanapobembea kwenye ubao uliolazwa juu ya gogo, mdogo akikaa mwisho kabisa anamwinua mkubwa aliyekaa karibu na gogo. Mgongo wako ni gogo hilo. Misuli inayokuinua imekaa sentimita 5 tu hivi nyuma ya katikati ya sahani. Mzigo ulioushika kwa mikono iliyonyooshwa uko kama sentimita 50 mbele. Yaani mara kumi. Kilo 15 zilizo mbali hivyo zinaidai misuli ivute kwa nguvu ya kilo 150, na hapo hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chako kilichoinama. Sogeza mzigo ule ule hadi sentimita 20, unabaki na 60. Mzigo haujabadilika hata gramu.

Wanaobeba madumu ya mawese wanalijua hili bila ubao wala chaki. Dumu la lita 20 hulikuti limeshikwa mbele mikono ikiwa imenyooka. Liko begani, kichwani, au limebanwa pajani. Sisi wenye vyeti ndio tunaoinama juu ya kitanda na kushika mguu wa mgonjwa kwa mkono mmoja huku mwingine unaosha. Mguu mmoja wa mtu wa kilo 70 una kama kilo 11. Mwaka 2007 mtafiti wa Marekani, Thomas Waters, alipiga hesabu za kuinua wagonjwa akafikia kwamba hata mazingira yakiwa mazuri, nesi asiinue kwa mikono zaidi ya kilo 16 hivi. Mgonjwa ni mzigo usio na mpini, anashtuka katikati ya safari, na uzito wake unahamahama. Kilo 16! Hata mtoto wa chekechea anazidi.

Ndiyo maana nachoka ninapoona semina ikiisha kwa kuwaambia wauguzi "kunjeni magoti, nyoosheni mgongo" kisha kila mtu akarudi kwenye kitanda cha chini peke yake. Tafiti za aina hiyo zilichambuliwa kwa pamoja mwaka 2011: kufundisha watu namna ya kuinua, bila kubadilisha kitu kingine, hakukuwapunguzia maumivu ya mgongo. Mkanda mpana wa kiunoni ni hivyo hivyo. Kwa mtu mzima asiyeumwa haujaonyesha kuzuia kitu. Kinachosaidia ni kuipunguza kazi yenyewe.

Na kuipunguza kunawezekana hata mahali pasipo na mashine ya kunyanyulia wagonjwa. Kunja kitenge au shuka mara mbili, lipitishe chini ya mgonjwa kutoka mabegani hadi mapajani, mmoja ashike huku mwingine kule, kila mmoja akunje pindo mpaka ngumi ziguse mwili wa mgonjwa. Mkunje mgonjwa magoti, na kama ana mguu mmoja wenye nguvu mwambie asukume nao. Hesabuni moja, mbili, tatu kwa sauti, kisha mburuze, msimnyanyue. Kuburuza ni nafuu mno kuliko kunyanyua. Kama kitanda kiko chini, panda goti moja kitandani ili usogee, usinyooshe mikono. Na ndugu aliyelala kwenye mkeka mwamshe. Hatakasirika. Amekuja kuuguza, na kesho kutwa atafanya kazi hiyo hiyo nyumbani kwake Gungu au Kasulu bila nesi yeyote, kwa hiyo ni heri ajifunze kwako saa nane usiku.

Hili la nyumbani halisemwi vya kutosha. Wagonjwa wengi wa kiharusi wanatunzwa na wake zao, mabinti na wakwe, kwenye vitanda vya futi sita vilivyosukumwa ukutani. Kukivuta kitanda kutoka ukutani ili watu wawili wakae pande mbili ni tiba ya mgongo isiyo na bei.

Kaa wima, kaa wima

Tulipokuwa shule tulichapwa kwa kukaa umejikunja. Mpaka leo mtu akiumwa mgongo anaambiwa ni mkao wake mbaya. Ukweli ni kwamba hakuna mkao mmoja mtakatifu. Kaa wima kama askari wa gwaride kwa saa tatu, utaumia kama aliyejikunja saa tatu. Kinachochosha ni kuganda. Mama anayepalilia ameinama kuanzia alfajiri ana shida moja na karani aliyekaa kwenye kiti kizuri kuanzia saa mbili: wote hawajabadilisha. Mmoja ainuke, anyooshe kiuno nyuma, ahamie kazi ya kusimama; mwingine akafuate maji ya kunywa mwenyewe badala ya kutuma mtu.

Godoro nalo. Wengi wameambiwa walale sakafuni au juu ya ubao. Huko Hispania, utafiti uliotolewa mwaka 2003 uliwagawa watu 313 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu: nusu walilalia godoro gumu, nusu la ugumu wa kati. Waliopata nafuu zaidi ni wale wa godoro la kati.

Kulala kitandani wiki nzima "mgongo upumzike" ni ushauri wa zamani uliokwisha kupimwa ukashindwa. Mwaka 1986 madaktari wa Texas walilinganisha mapumziko ya siku mbili na ya siku saba. Wa siku mbili hawakuwa wabaya zaidi kwa lolote, na siku za kazi walizokosa zilikuwa pungufu. Kutembea ndiko kuliko na ushahidi mzuri. Mwaka 2024 Waaustralia walitangaza matokeo ya watu 701 waliotoka kupona mgongo: waliopangiwa kutembea hatua kwa hatua mpaka kufikia nusu saa, mara tano kwa wiki, walikaa kama siku 208 kabla maumivu hayajarudi. Wasiopangiwa chochote, 112. Hapa kwetu kutembea hakuna kiingilio.

Sasa figo. Kiuno kikiuma, jirani wa kwanza atasema figo, wa pili atasema ngiri, na kijana mwenye kipaza sauti sokoni atakuuzia chupa moja ya mgongo, ngiri, bawasiri na nguvu za kiume kwa pamoja. Maumivu ya figo kwa kawaida hukaa juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu, hayajali umeinama au umenyooka, na aghalabu huja na homa, kichefuchefu au mabadiliko ya mkojo. Maumivu yanayozidi ukiinama na kupungua ukibadili mkao yana dalili za mgongo wenyewe. Cha kusikitisha ni kwamba mtu huyohuyo anayeogopa figo hununua diklofenaki, dawa ya maumivu, duka la dawa, akameza asubuhi na jioni miezi mitatu. Dawa za jamii hiyo zikitumiwa kiholela huumiza figo kweli, hutoboa tumbo na kupandisha presha. Anakimbia kivuli, anatumbukia shimoni.

Kuhusu kukanyagwa mgongo na mtoto: raha yake naijua, na sitamnyima mtu. Ila asikanyagwe bibi wa miaka 70, na sababu inakuja.

Umri, mtumbwi na choo cha nje

Mwili ukizeeka mambo matatu husogea pamoja. Misuli hupungua polepole kuanzia miaka ya 30 hivi, na kasi huongezeka baada ya 60. Mifupa hupungua uzito, hasa kwa mwanamke baada ya hedhi kukoma, mpaka pingili inaweza kubonyea kwa kuinua tu kitu kidogo. Mabibi wengi wenye kibiongo wamebonyea hivyo kidogokidogo, wengine bila kujua siku ilipotokea. Huo ndio mgongo usiokanyagwa. Na mizani hulegea.

Mizani inategemea wapelelezi watatu. Macho yanaona ardhi iko wapi. Ndani ya sikio kuna vijifereji vitatu vyenye maji vinavyofanya kazi ya pima maji ya fundi mwashi: kichwa kikiinama, maji yanasogea, ubongo unapata taarifa. Wa tatu ni nyayo, magoti na misuli, ambavyo humwambia ubongo mguu umekanyaga nini hata gizani. Ubongo unasikiliza wote watatu na kurekebisha kila wakati bila wewe kujua.

Mwone mvuvi aliyesimama kwenye mtumbwi ziwani. Hajaganda. Magoti yamelegea, kiuno kinacheza, kila wimbi analijibu kwa kijimwendo kidogo. Abiria asiyezoea hukakamaa, akajishika ukingoni, na ndiye anayeyumbisha mtumbwi mzima. Mtu mwenye maumivu ya mgongo anakuwa kama huyo abiria: anakaza misuli kwa hofu, hatua zinafupika, na misuli inayotakiwa kumdaka akijikwaa inachelewa. Wazee wenye maumivu ya mgongo huanguka mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Watu wanaviona kama vitu viwili, mgongo wa kuuma na mguu wa kuteleza, kumbe vinashikana mikono.

Anguko lenyewe huwa la kawaida sana. Saa tisa usiku, bibi anakwenda choo cha nje. Giza, kwa hiyo mpelelezi wa kwanza kalala. Kandambili zimelegea, labda na sukari imeua hisia za nyayo, kwa hiyo wa tatu anasikia nusu. Ameinuka ghafla na amemeza dawa ya presha, kichwa kinazunguka. Kitenge kinaburuza. Kizingiti. Duniani, watu 684,000 hivi hufa kila mwaka kwa kuanguka, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na wenye zaidi ya miaka 60 ndio wengi. Tochi kando ya mto, ndala zenye kamba ya nyuma, na kukaa ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama: hapo wapelelezi wote watatu wamelipwa posho.

Habari njema ni kwamba mizani hufundishika hata uzeeni. Mazoezi ya mizani na nguvu za miguu hupunguza maanguko ya wazee kwa karibu robo. Na hayahitaji jimu. Nenda Ujiji uwatazame wazee msikitini. Swala tano za faradhi zina rakaa 17 na sijida 34 kwa siku; kushuka hadi paji la uso liguse mkeka, kuinuka, kusimama tena. Sisemi swala ni mazoezi, wenyewe watanikemea. Nasema miguu ya mzee aliyeshuka na kuinuka hivyo miaka hamsini imejifunza kitu ambacho miguu ya kwenye kochi imekisahau. Asiyeswali akae kwenye kiti, afumbate mikono kifuani, ainuke na kukaa mara tano. Ikimchukua zaidi ya sekunde 15, miguu yake inahitaji kazi.

Kipimo kingine ni kusimama mguu mmoja. Mwaka 2022 watafiti wa Brazil walieleza walivyowajaribu watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75 wasimame hivyo sekunde 10. Mmoja kati ya watano alishindwa, na katika miaka iliyofuata walioshindwa walikufa zaidi kuliko walioweza. Usikimbilie kusema mguu mmoja unaua. Mara nyingi wanaoshindwa wana maradhi mengine pia. Ni kama taa ya mafuta kwenye gari.

Wakati wa kuacha kusoma na kwenda hospitali

Maneno yote haya ni ya mgongo wa kawaida. Upo mwingine. Maumivu pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, ni ya kukimbia leo hii. Neva zinabanwa na kila saa ina thamani. Miguu inayokufa nguvu, vilevile. Maumivu baada ya kuanguka kutoka kwenye mchikichi au bodaboda yapigwe picha. Mzee wa kike aliyepata maumivu makali ghafla baada ya kuinua ndoo, naye.

Halafu yapo yanayokuja taratibu. Mgongo unauma hata usiku umelala, unakonda, unatoka jasho la usiku, homa za jioni: kifua kikuu hukaa kwenye pingili pia, hata kwa mtu asiyekohoa, na daktari Percivall Pott alikwisha kukieleza kibiongo chake mwaka 1779. Kinatibika kwa dawa zinazotolewa bure, kikiwahiwa. Mfugaji au mnywaji wa maziwa mabichi mwenye homa za kupanda na kushuka na kiuno kuuma apimwe brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Na mwanaume mzee mwenye mgongo mpya usiotulia aulizwe habari za mkojo wake, kwa sababu saratani ya tezi dume hupenda kuhamia kwenye mifupa hiyo.

Dada yangu hakuwa na hata moja kati ya hayo. Tuliyapitia yote kwa vidole. Tukakubaliana aanze na ufagio, kisha ndoo ya lita 5, kisha safari ya Ujiji kwa miguu nusu ya njia, na kusimama mguu mmoja kila jioni akiwa ameshika fremu ya mlango kwa kidole.

Bahasha aliisahau kwenye kochi. Nilimpigia simu juzi nimwambie mtoto anaileta. Akapokea, nikasikia anahema.

"Subiri," akasema. "Usinipotezee hesabu, nimefika nane."